Jalada Lenye Upungufu

Nchini Iran mtihani wa kuingia chuo kikuu huitwa Konkur. Kijana huuandalia mwaka mzima, na nyumba nzima hushusha sauti ili asome. Siku ya matokeo hufungua tovuti ya mitihani. Akiwa Mbahai, mara nyingi haoni alama zake. Huona maneno machache tu: jalada lina upungufu.

Picha ipo, vyeti vipo, ada imelipwa. Upungufu anaoandikiwa ni imani yake.

Huku kwetu wengi wanalijua hekalu la Wabahai lililo juu ya kilima cha Kikaya, Kampala, lililofunguliwa mwaka 1961. Dini hiyo ilizaliwa Iran karne ya 19, na waumini wake huko wanakadiriwa kufika 300,000. Hata hivyo, Katiba ya 1979 inatambua Wakristo, Wayahudi na Wazoroastria tu kama dini za wachache. Vyuo vilifungwa mwaka 1980 baada ya mapinduzi ya Kiislamu. Vilipofunguliwa tena, Wabahai waliachwa nje. Februari 1991 Baraza Kuu la Mapinduzi ya Utamaduni likaandika waraka wa siri, Kiongozi Mkuu Ali Khamenei akauidhinisha. Ulifichuliwa mwaka 1993 na mjumbe wa Umoja wa Mataifa. Unaagiza Mbahai afukuzwe chuoni mara tu anapogundulika. Watoto wa shule unawaruhusu kusoma, ila wasijitambulishe kuwa Wabahai, na ikiwezekana wapelekwe kwenye shule zenye msimamo mkali wa dini.

Sharti hilo la shule ndilo linalonichoma. Mtoto wa miaka saba, ambaye bado anajifunza kuandika jina lake, anatakiwa awe tayari amejua kulificha la dini ya mama yake. Na waliolitunga walijua Mbahai haruhusiwi na dini yake kuikana ili ajiokoe. Mwaka 2004 vijana wengi walifanya Konkur baada ya kuelezwa kwamba fomu haitauliza tena dini. Matokeo yalipotoka, kwenye karatasi zao palichapwa: Uislamu. Wangenyamaza, wangekaa darasani. Walikataa kunyamaza. Miaka miwili baadaye wizara inayosimamia vyuo vikuu iliviandikia vyuo 81 ikiviamuru kuwafukuza Wabahai.

Wanaofanyiwa haya ni wajukuu wa watu waliojenga shule. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wabahai wa Tehran walikuwa na shule za Tarbiyat, ya wavulana na ya wasichana, na hata wasio Wabahai waliwapeleka watoto wao humo. Serikali ya mfalme Reza Shah ilizifunga mwaka 1934, kwa sababu zilifunga milango siku ya sikukuu yao. Kwa hiyo uonevu huu haukuanza na mapinduzi, ingawa baada yake ulimwaga damu. Juni 18, 1983, wanawake kumi walinyongwa Shiraz. Mmoja wao, Mona Mahmudnizhad, alikuwa na miaka 17. Miongoni mwa makosa aliyoshitakiwa ni kuwafundisha watoto wa Kibahai masomo ya dini yao.

Mwaka 1987 walimu wa Kibahai waliofukuzwa kazi walianza kuwafundisha vijana waliofukuzwa masomoni. Chuo chao hakikuwa na uwanja wala lango. Sebule ya mtu ikawa darasa, jiko likawa maabara, maelezo ya masomo yalinakiliwa na kutumwa kwa posta. Mwaka 1998 maofisa wa serikali walivamia nyumba zaidi ya 500, wakakamata watu 36, wakabeba vitabu na kompyuta. Mei 2011 walirudi tena, na baadhi ya wahadhiri wakahukumiwa vifungo vya miaka minne au mitano. Hakuna ofisi ya serikali Iran inayotambua shahada za chuo hicho, ingawa vyuo kadhaa vya nje vimewapokea wahitimu wake kuendelea na masomo ya juu. Baadhi yao walipomaliza walirudi kwenye zile sebule, na sasa wao ndio wanaofundisha.