MATEMBEZI NI DAWA, NA DAWA INA KIPIMO



Mara nyingi kwenye kiliniki, mama mwenye tansio akiambiwa, "Unapashwa kufanya mazoezi," anacheka. Anajibu: "Muganga, miye nabeba mihogo toka shamba mpaka ku nyumba, kamba ku kichwa, mutoto ku kifua. Mazoezi gani tena?"

Mama huyu anasema haki. Kazi yake ni kubwa, na mwili wake una nguvu. Lakini mzigo haujui ugonjwa wako. Siku ya soko unabeba kupita nguvu zako, siku ingine unakaa tu. Tena, mtu akiinua mzigo mzito anakaza kifua na kuzuia pumzi. Wakati ule tansio inapanda mara moja. Kwa mgonjwa, hiyo inaweza kuleta hatari.

Mazoezi tunayosema hapa ni mengine. Ni kutembea bila mzigo, kwa mwendo mmoja, dakika nyingi, huku pumzi inaingia na kutoka vizuri. Hivi moyo unajifunza kusukuma damu nyingi bila kuhangaika. Kwa watu wenye tansio, mazoezi ya namna hii yanaweza kushusha namba ya juu kwa pointi 5 hivi mpaka 8. Kwa wenye ugonjwa wa sukari, nyama za miguu zinatumia sukari iliyo ndani ya damu.

Kwanza, tupime

Hatutoi dawa ya malaria bila kupima damu. Vilevile inafaa kupima nguvu za mgonjwa mbele ya kumpa mazoezi. Hakuna haja ya mashini kubwa. Kipimo kimoja kinachotumika katika inchi nyingi kinaitwa matembezi ya dakika 6. Kinafanywa hivi:

1. Mwuguzi anaweka alama mbili mahali pa sawa, pasipo kilima. Kati yao ni mita 30.
2. Mama anakaa kwenye kiti dakika 10. Mwuguzi anapima tansio na kuhesabu mapigo ya moyo.
3. Mama anatembea kwenda na kurudi kwa dakika 6, haraka anavyoweza, lakini hapana kukimbia. Akichoka, anaweza kusimama, kisha kuendelea.
4. Mwuguzi anahesabu safari. Safari 12 ni mita 360. Anaandika kwenye kadi.

Nyuma ya miezi 2 au 3 tunapima tena mahali palepale. Mama aliyefika mita 360, akifika sasa mita 420, ataona kwa macho yake mwenyewe kwamba nguvu zimeongezeka.

Kipimo hiki hakifanywi siku ile kama tansio inapita 180 kwa 100 (wengine wanasema 18 kwa 10), kama moyo unapiga zaidi ya mara 120 kwa dakika wakati umekaa, au kama kifua kinauma. Mama wa namna hii aonwe na muganga kwanza.

Jambo moja juu ya milima yetu: Butembo iko juu sana, karibu mita 1,800. Beni iko chini, karibu mita 1,100. Huko juu hewa ni nyepesi. Mama akitoka Beni kwenda Butembo, asishangae akichoka upesi siku za kwanza. Apunguze mwendo mpaka mwili uzoee.

Kipimo cha dawa hii

Kila dawa ina maneno 4: aina gani, mara ngapi, muda gani, nguvu gani.

*Aina:* kutembea bila mzigo.

*Mara ngapi:* siku 5 kwa juma.

*Muda:* anza na dakika 10. Kila juma ongeza dakika 5, mpaka 30. Dakika 30 kwa siku 5 ni 150. Ndiyo hesabu iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 kwa watu wazima, hata kwa wamama wenye mimba na waliozaa, kama hakuna kizuizi.

*Nguvu:* hapa wengi wanakosea. Kipimo rahisi ni kinywa chako. Tembea na mwenzako. Ukiweza kuimba, unatembea polepole mno. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, ni sawasawa. Ukishindwa kumaliza maneno machache, umepita kipimo, punguza.

Mwenye saa anaweza kuhesabu moyo. Toa miaka yako katika 220. Mama wa miaka 40 anapata 180. Moyo wake upige kati ya 108 na 135 kwa dakika. Aweke vidole kwenye mshipa wa mkono, chini ya kidole gumba, ahesabu sekunde 15: apate 27 mpaka 34. Lakini kuna dawa za tansio zinazopunguza mwendo wa moyo. Ukimeza hizo, hesabu hii itakudanganya. Fuata kinywa.

Dakika 5 za kwanza na 5 za mwisho, tembea pole. Usisimame mara moja, kizunguzungu kinaweza kukushika.

Nitembee wapi?

Tangu mauaji yaliyoanza pembeni ya Beni mwezi wa Oktoba 2014, watu wengi waliacha mashamba yao. Mama aliyezoea kutembea saa nzima kila asubuhi, sasa anakaa siku yote mbele ya meza ya biashara. Mwili wake umepoteza matembezi bila yeye kujua. Hatukuambii kwenda njia za mbali. Zunguka kiwanja chako, au cha kanisa, au cha shule. Hatua 30 kwenda, 30 kurudi. Moyo hauulizi kama umefika mbali.

Simama, uje hospitali

- Kifua kinauma au kubanwa.
- Moyo unaruka-ruka, au unaona giza.
- Pumzi haitulii hata ukikaa.
- Una mimba, na damu au maji yanatoka, au kichwa kinauma sana.
- Umezaa karibuni, miguu imevimba, huwezi kulala chini bila kukosa pumzi. Usiseme, "Ni uchovu wa kuzaa tu." Moyo wenyewe unaweza kuwa mgonjwa. Mama huyu hapashwi kufanya mazoezi. Anapashwa kuletwa leo, asingoje kesho.

Mama aliyezaa kwa kupasuliwa aulize kwanza kwenye kiliniki. Mwenye sukari anayepiga sindano au kumeza vidonge ale kidogo mbele ya kutembea, na abebe sukari au ndizi mbivu. Akitetemeka na kutoka jasho baridi, ale mara moja.

Neno la mwisho: usiache vidonge vyako juu umeanza kutembea. Hizi ni dawa mbili zinazosaidiana. Siku ya kiliniki, lete kadi yako, na utuambie ulitembea siku ngapi. Hata kama ni siku moja, sema moja. Tutaanza na hiyo.