Fahamu: Jina la ndoa linavyoweza kumkwamisha mpiga kura Marekani

Mwaka 2013, jaji wa Texas, Sandra Watts, alitakiwa kusaini hati ya kiapo kabla ya kupiga kura. Leseni yake ya udereva ilikuwa na jina la usichana kama jina la kati. Daftari la wapiga kura lilikuwa na jina lake halisi la kati, hivyo majina hayakulingana. Jaji mzima!

Aprili 2025, Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa SAVE, unaomtaka anayejiandikisha athibitishe uraia, kwa mfano kwa pasipoti au cheti cha kuzaliwa. Lakini wanawake wengi wa huko huchukua jina la mume, na cheti cha kuzaliwa hubaki na jina la zamani. Muswada huo ukiwa sheria, asiye na pasipoti atahangaikia cheti cha ndoa. Aliyetalikiwa akaolewa tena, vyeti zaidi. Kumtwika mwanamke mzigo huo kwa sababu aliolewa si haki.