Kikomo cha Kupakia

Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kazi Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Nairobi ilitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe kwenda na jibu kurudi ulichukua takriban nusu sekunde, hata ulipe kiasi gani. Leo faiba inaingia hadi sebuleni katika fleti za Muthangari, lakini mtu mmoja anayegawana faili kwa BitTorrent anaweza kuwarudishia wenzake wa nyumba ucheleweshaji ule, na zaidi.

Lawama humwangukia anayepakua. Mara nyingi mkosaji ni upakiaji. Kompyuta inayopokea data kwa TCP, itifaki ya kusafirisha data mtandaoni, hutuma pakiti ndogo za kuthibitisha imepokea. Zisipofika, mtumaji hupunguza mwendo. Uthibitisho huo hupita njia ile ile ya kupakia. Nayo BitTorrent, iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, humpendelea anayetoa, kwa hiyo kila anayepakua hupakia pia. Njia ikijaa, ruta huzipanga pakiti foleni katika kumbukumbu yake. Foleni ya megabaiti 1 kwenye laini inayopakia megabiti 2 kwa sekunde huchukua sekunde 4 kuisha. Sauti ya anayefanya mkutano wa Zoom chumba cha pili inasubiri humo humo, ilhali kwa mujibu wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, mazungumzo yanahitaji ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja ili yaende vizuri.

Dawa yake ni kuhakikisha foleni haijengeki. Pima kasi ya kupakia wakati hakuna mwingine anayetumia laini, kisha iwekee programu ya BitTorrent kikomo cha kupakia cha asilimia 80 hivi. Hapa wengi huteleza: kampuni huuza megabiti, programu huhesabu kilobaiti, na baiti moja ni biti 8. Ukipata megabiti 10, asilimia 80 ni megabiti 8, yaani kilobaiti 1,000 kwa sekunde. Usiandike 0 ukidhani umefunga. Katika programu nyingi sifuri maana yake hakuna kikomo. Wala usiwe bahili kupita kiasi, kwani wenzako mtandaoni nao watakubania.

Kikomo cha kupakua husaidia pia, ila kidogo. Ruta zenye CoDel, mbinu ya Kathleen Nichols na Van Jacobson ya mwaka 2012, huidhibiti foleni zenyewe. Kama yako haina, anza na upakiaji.