Jukwaa la Mwashi na Matuta ya Uluguru: Maelezo kuhusu Dhana ya Msaada katika Ufundishaji

Makala haya yanafafanua dhana ambayo wataalamu wa elimu waliipa jina kutokana na kazi ya uashi. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walieleza namna mkufunzi alivyowasaidia watoto wa miaka mitatu hadi mitano kujenga piramidi kwa vipande vya mbao. Msaada huo waliulinganisha na jukwaa, yaani ile miti ifungwayo kandokando ya ukuta ili mwashi asimame juu yake. Ukuta ukikamilika, jukwaa huondolewa. Wazo hili lina undugu na lile la Lev Vygotsky (1896–1934), kwamba kati ya yale ayawezayo mwanafunzi peke yake na yale ayawezayo akisaidiwa pana eneo, na humo ndimo mwalimu apaswapo kufanya kazi.

Wengi huifasiri dhana hii kana kwamba kila msaada ni jukwaa. Sivyo. Jukwaa hufungwa kwa kufuata ukuta uliokwisha kuanza. Pasipo ukuta, hiyo ni miti tu. Historia ya Milima ya Uluguru yadhihirisha jambo hili kuliko majaribio ya vipande vya mbao.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Lengo lilikuwa jema. Njia ilikuwa amri. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta mapana yaliyosawazishwa, na mahali pengi kazi hiyo ilifukua udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa.

Ikumbukwe kwamba Waluguru hawakuwa wageni wa miteremko. Huko Mgeta wakulima walikuwa na ngazi zao wenyewe, ambamo majani na mabaki ya mazao hufukiwa ili yaoze na kurutubisha shamba. Huo ndio uliokuwa ukuta, lakini maafisa hawakujenga juu yake. La kustaajabisha ni kwamba, shuruti ilipokwisha, matuta mapana hayakutoweka Mgeta: wakulima wa mboga zinazopelekwa Dar es Salaam waliendelea kuyatumia, kwa kuwa katika kilimo cha kumwagilia waliiona faida yake wao wenyewe.

Darasani hali haiko mbali na hiyo. Mtoto wa milimani aingiapo darasa la kwanza na Kiluguru chake tayari anao mfumo wa ngeli na upatanisho wa kisarufi unaokaribiana sana na ule wa Kiswahili. Mwalimu amkatazaye kukitumia humfukulia udongo wa chini.

Uzito zaidi uko kidato cha kwanza, ambapo katika shule za serikali Kiswahili, baada ya miaka yote ya shule ya msingi, huwekwa kando na masomo kufundishwa kwa Kiingereza. Walimu wengi hujiokoa kimyakimya: hueleza kwa Kiswahili, kisha huandika ubaoni kwa Kiingereza. Wapo waliitao jambo hilo kosa. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jukwaa pekee lililosalia. Kasoro yake ni kwamba hakuna aliyepanga liondolewe lini, na mtihani humkuta mwanafunzi angali amesimama juu yake.