Kisangani: Jina la Mji na Ushahidi wa Sarufi

Mwaka 1966 serikali ya Kongo ilifuta majina ya kikoloni ya miji yake mikubwa: Léopoldville ukawa Kinshasa, Élisabethville ukawa Lubumbashi, na Stanleyville ukawa Kisangani. Mabadiliko hayo huelezwa kuwa ni kurejea kwenye majina ya asili. Kuhusu Kisangani, maelezo hayo yana kweli, lakini hayatoshi; na ushahidi umo katika umbo la jina lenyewe.

Stanley alianzisha kituo chake penye maporomoko ya Mto Kongo mnamo Desemba 1883, na mji uliokua hapo ukapewa jina lake. Hata hivyo, katika enzi yote ya Wabelgiji, wasemao Kiswahili waliendelea kuuita Kisangani. Jina hilo basi halikubuniwa mwaka 1966. Lilitoka vinywani mwa watu likaingia katika nyaraka za serikali.

Je, asili yake ni ipi? Shina lake ni la bonde la Kongo. Kilingala kina neno esanga, yaani kisiwa, ambalo wingi wake ni bisanga. Viambishi hivyo e- na bi- vyalingana na ki- na vi- vya Kiswahili. Lakini tamati -ni ni alama ya mahali ya Kiswahili, kama katika nyumbani na mjini. Kadhalika, Waenya, wavuvi wa maporomoko hayo, wamejulikana zaidi kwa jina la Wagenia, lenye kiambishi wa- cha Kiswahili.

Kiswahili kilifikishwa huko na misafara ya pembe na watumwa. Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, alifanywa gavana wa kituo hicho mwaka 1887 kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Hivyo jina lililomwondoa mgeni mmoja lingali na alama ya mgeni aliyemtangulia.

Jambo hili haliliondolei jina hadhi yake. Mkoa wenyewe umeitwa Haut-Zaïre, kisha Orientale tena kuanzia 1997, na tangu mgawanyo wa 2015 Kisangani ni makao makuu ya Tshopo. Jina la mji halikutikisika. Lililolidumisha ni matumizi ya wasemaji, wala si usafi wa asili. Kwa hiyo mtafiti wa majina ya mahali asitosheke na amri za serikali. Aichunguze na sarufi, kwani nayo huhifadhi historia.