Harage na Walinzi Wake

Je, wajua kwamba punje nne au tano za maharage mekundu, zikitafunwa bila kupikwa, zaweza kumtapisha na kumharisha mtu mzima? Kinachomwangusha si ukungu wala dawa ya kuulia wadudu. Ni protini.

Tumezoea kusikia protini ikisifiwa tu, kana kwamba zote ni ndugu wa tumbo moja. Lakini harage ni mbegu, na mbegu ni mche uliofungiwa ndani pamoja na chakula chake cha safari. Harage kavu lina protini inayokaribia robo ya uzito wake, na sehemu kubwa ni akiba tu, inayongoja mvua. Nyingine ni walinzi. Lektini hunata kwenye ukuta wa utumbo na kuuvuruga. Wenzake huifunga tripsini, kimeng'enya tunachokitegemea kukatakata protini, ili mlaji ale asishibe.

Walinzi hawa hawawezi moto, mradi uwe moto kweli. Maji yakitokota kwa nusu saa, lektini imekwisha. Moto wa kubembeleza, nyuzi 80 hivi, huweza kuyafanya maharage kuwa na sumu kuliko hata mabichi, na ndiyo maana sufuria za umeme za kupikia polepole zimewaponza watu huko ng'ambo. Mama ntilie anayeyaloweka usiku, akamwaga yale maji asubuhi na kuyachemsha mpaka yaive, hana habari na balaa hilo.

Lektini hiyo hiyo ina jina kubwa maabara. Mwaka 1960 Peter Nowell, mtafiti wa Philadelphia, aliitumia kutenga chembe nyekundu za damu, akashangaa kuona zile nyeupe zimeamka na kuanza kugawanyika. Tangu hapo imewasaidia wataalamu kuotesha chembe hizo na kuzichunguza kromosomu za binadamu. Haya yote kutoka kwenye kitu tunachookota mchele ukiisha!

Turudi mezani. Protini ya akiba ikifika tumboni hukatwa vipande vipande, na vile vifupi huitwa peptidi. Baadhi ya peptidi za maharage na soya, zikijaribiwa maabara, huzuia kimeng'enya kinachochangia kubana mishipa ya damu. Ndicho kinacholengwa na kaptopril, dawa ya presha iliyobuniwa baada ya kuchunguzwa peptidi za sumu ya nyoka wa Brazil. Habari tamu, na wauza unga wa protini hawajachelewa kuidaka. Ila kikombe cha maabara si tumbo: peptidi nyingi hukatwa tena kabla ya kuingia kwenye damu. Hata soya imeonja joto la jiwe. Mwaka 1999 Marekani iliruhusu pakiti zake ziandikwe kwamba protini yake, gramu 25 kwa siku, huweza kupunguza hatari ya maradhi ya moyo. Mwaka 2017 Marekani hiyo hiyo ikapendekeza kuifuta ruhusa hiyo, kwa kuwa ushahidi ulikuwa unapingana.

Mimi naona sifa ya harage haihitaji kutiwa chumvi. Majaribio kwa watu yameonyesha kwamba kula jamii ya kunde kila siku hushusha kolesteroli mbaya kwa kiasi cha asilimia 5, ingawa nyuzinyuzi zake nazo zina mkono katika hilo. Halafu kuna makande. Mahindi yana upungufu wa lisini, asidi amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yanayo tele. Maharage yamepungukiwa methionini, mahindi huyajazia. Bibi zetu hawakuwahi kuyasikia majina hayo, na chungu kilikuwa sahihi.

Kwa hiyo yaloweke, yatokote, uyale. Na kama una dawa za presha, endelea kuzimeza kama daktari alivyokuelekeza. Sahani ya maharage haijawa kidonge.