KAZI YA MHANDISI WA VYOMBO VYA ANGA

Mto Tana upitao Garissa humwaga maji yake katika ghuba ya Ungwana. Katika ghuba hiyo hiyo, mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilijengwa baharini mitambo ya chuma iitwayo San Marco. Tarehe 12 Desemba, 1970, Waitalia walirusha kutoka hapo roketi ya Kimarekani iliyochukua setilaiti ya kuchunguza miali ya eksrei itokayo kwenye nyota. Kwa kuwa siku ile Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala, setilaiti ikapewa jina la Uhuru.

Mwanzilishi wa mitambo hiyo alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Faida ya mahali pale ni kuwa karibu na Ikweta, ambapo dunia huzunguka kwa mwendo wa kilometa 1,670 kwa saa. Roketi irushwayo kuelekea mashariki huupata mwendo huo bure, nayo huhitaji mafuta machache. Mstari huo wa Ikweta wapita hata katika nchi ya Garissa. Msimamizi wa setilaiti ya Uhuru naye alikuwa mwanamke, Bibi Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme. Basi wazazi wasidhani kwamba kazi hii ni ya wavulana tu.

Wengine hufikiri mhandisi wa anga ni rubani. Sivyo. Rubani huendesha chombo. Mhandisi hukadiria uzito wake, nguvu ya chuma chake, joto na upepo kitakaoupata, kabla hakijaondoka chini. Mwanafunzi aitakaye kazi hii yampasa ashinde vema katika hesabu, fizikia na kemia, kisha asome Chuo Kikuu kwa miaka 5. Masomo hayo hutolewa Nairobi, katika Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya.

Tarehe 15 Aprili, 2023, Taifa-1, setilaiti iliyobuniwa na wahandisi wa Kenya, ilirushwa kutoka Marekani ili kupiga picha za ardhi. Picha za namna hiyo huonyesha mahali majani yalipokauka na mahali yalipobaki. Mfugaji wa Garissa hahitaji kuelezwa thamani ya habari hiyo wakati wa ukame.

Lakini fizikia haisomeki bila mwalimu. Januari, 2020, walimu 3 waliuawa huko Kamuthe, Garissa, na baada ya msiba huo walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa. Mtoto mwenye akili akikosa mwalimu wa hesabu katika miaka yake ya sekondari, mlango wa uhandisi humfungia kabla hajaufikia.

Tangu mwaka 2017 Garissa ina Chuo Kikuu chake kamili. Ni wajibu wa vijana wa nchi hiyo waliofuzu hesabu na sayansi kukubali kazi ya ualimu nyumbani kwao, na ni wajibu wa wazee kuwatunza na kuwalinda walimu wote, wawe wenyeji au wageni. Hapo ndipo Garissa itakapopata wahandisi wake.